Mkaa mkononi kwanza, ujumbe baadaye: hoja ya mwanafunzi wa sanaa

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa hapa Dar es Salaam, niko mwaka wa mwisho, na kwa muda sasa nimekuwa nikiandaa michoro mikubwa ya mkaa kwa ajili ya onyesho la kumaliza masomo. Ninaleta hoja ambayo ningependa ijadiliwe na wanaochora, wanaofundisha na wanaopenda kutazama: kwamba mchoraji anayejifunza asianze kazi yake na ujumbe. Aanze na kitu anachokishika mkononi, akae nacho mpaka azijue tabia zake, na dhamira itatoka humo ikiwa na nguvu kuliko ile ambayo angeipanga mezani.

Sote tuliopita sekondari tumefundishwa kuichambua kazi ya fasihi kwa fani na maudhui, tukatafuta dhamira, ujumbe, migogoro na falsafa ya mwandishi. Uchambuzi huo una manufaa kwa kazi iliyokwisha kukamilika. Tatizo linaanza pale mwanafunzi wa sanaa anapouchukua na kuufanya njia ya kuanzia kazi. Anaandika kwenye daftari lake "uharibifu wa mazingira", kisha anatafuta picha itakayoyabeba maneno hayo, na picha inayomjia kwanza ni ile ambayo kila mmoja wetu ameshaiona kwenye mabango: kisiki, ardhi iliyopasuka, dunia iliyoshikwa na viganja viwili. Mtazamaji anaielewa kwa sekunde chache na kuendelea na safari yake, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kutazama. Maswali ya tathmini nayo yanauchochea mtindo huu. Swali la kwanza ambalo mwanafunzi huulizwa mbele ya kazi yake ni "Picha hii ina ujumbe gani?", hata kabla hajaulizwa imetengenezwaje.

Mimi niliuchukua mkaa kwa sababu ya bei. Rangi nzuri za mafuta ni ghali kwa mwanafunzi, ilhali mkaa unauzwa kwa kopo katika kila genge. Lakini mkaa wa kupikia haukutengenezwa kwa ajili ya karatasi. Umetokana na miti migumu ya miombo na ya misitu ya pwani, na ugumu huo haupotei ndani ya tanuri. Kipande kimoja kinaweza kuwa na tabia tatu: upande mmoja unatoa weusi mzito, upande wa pili unakwaruza karatasi na kuacha mfereji usio na rangi, na ncha ambayo haikuiva, ile inayofuka moshi jikoni na kumliza mpishi, inaacha alama hafifu ya kahawia. Vijiti vya mkaa wa kuchorea vinavyouzwa dukani, ambavyo Ulaya hutengenezwa kwa matawi laini ya miti na ya mizabibu, huchaguliwa ili vimtii mchoraji. Huu wa kwetu unambishia, na ubishi huo ndio ulionilazimisha kuutazama.

Kivunje kipande cha mkaa mzuri, ule unaolia ukiugonga, kisha ukitazame pale kilipovunjika. Mti mzima bado umo. Duara za ukuaji zinaonekana, vitundu vilivyokuwa vikipandisha maji kutoka mizizini vinaonekana, na nyufa zimetoka katikati kuelekea pembeni kwa mpangilio ambao hakuna mkono unaoweza kuubuni. Uso huo unang'aa kidogo ukiugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nilikaa na vipande hivyo kwa wiki nyingi, nikichora uso mmoja uliovunjika mpaka ukafikia ukubwa wa mlango, na wakati huo wote sikuwa na ujumbe wowote. Nilikuwa ninajaribu kuelewa jinsi kitu cheusi kinavyoweza kuwa na mwanga ndani yake.

Baadaye nikaanza kutengeneza mkaa wangu mwenyewe. Njia ni ya siku nyingi na haihitaji fedha: kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha bati, tundu dogo juu ya kifuniko, vijiti vikavu vilivyomenywa maganda na kupangwa kwa kubanana, kisha kopo zima linafukiwa katika makaa ya jiko. Moshi wa kwanza ni mweupe na mzito, kwa kuwa maji ndiyo yanayotoka. Halafu unageuka wa manjano na kuwa na harufu kali. Ukishapungua na kuwa mwembamba wa bluu, kopo linatolewa, tundu linazibwa, na halifunguliwi mpaka lipoe kabisa, kwa maana hewa ikiingia vijiti vikiwa bado vya moto vyote vitakuwa majivu. Mlonge, ambao mti wake ni laini, unatoa kijiti chepesi chenye weusi wa upole unaofutika. Mpera unatoa mstari mwembamba na mgumu. Vifuu vya nazi vikisagwa baada ya kuchomwa vinatoa unga mweusi kabisa, mweusi kuliko wote nilioupata.

Hapo ndipo dhamira iliponijia, na haikuja kama wazo. Ilikuja kama tofauti ya uzito mkononi, kati ya kopo linaloingia jikoni na kopo linalotoka. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 mpaka 20 za mkaa. Sehemu iliyobaki yote huondoka ikiwa mvuke, moshi na joto. Mkaa wenyewe, basi, ni mabaki, ni kile kidogo kilichokataa kuondoka. Nilipoelewa hivyo niliacha kuchora kwa kuongeza mistari tu. Sasa ninaipaka karatasi nzima unga wa mkaa mpaka iwe nyeusi, kisha ninaitoa picha kwa kufuta, kwa kitambaa, kwa kidole na kwa mkate laini uliofinyangwa, ambao wachoraji wa zamani waliutumia kabla ya kuwapo kwa raba. Mkaa haufutiki wote. Kila nilichokiondoa kinaacha kivuli chake, na kivuli hicho ni sehemu ya picha. William Kentridge wa Afrika Kusini amejenga kazi yake juu ya tabia hiyo hiyo: tangu mwaka 1989 amekuwa akichora kwa mkaa, akipiga picha ya kamera, akifuta na kuchora tena juu ya karatasi ile ile, na katika filamu zake mtu anayetembea huacha nyuma alama za mahali alipokuwa. Kama ningeanza na "uharibifu wa misitu" kama ujumbe, nisingefika kwenye kufuta kamwe. Ningechora kisiki.

Karatasi nayo ilichaguliwa kwa njia hiyo hiyo. Karatasi ya manila ni laini mno kwa upande mmoja na mkaa unateleza, tena unyevu wa masika unaifanya ilegee. Nikajaribu karatasi za mifuko ya saruji, ambazo hazikosekani katika mtaa wowote wa jiji hili linalojengwa kila siku. Matabaka ya ndani ni safi, imara, ya rangi ya kahawia inayokaa katikati ya mwanga na giza, hivyo mkaa unatoa vivuli na chaki inatoa mng'ao. Jiji linapika kwa kimoja na kujijenga kwa kingine. Sikulipanga hilo, na bado sijaamua kama ni jambo la kusema kwa sauti au la kuachwa likae lilipo.

Naomba nionyeshe kwamba hoja hii si ngeni kwetu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia silingibodi, yaani mbao za kufunikia dari, na rangi za kung'aa za baiskeli. Rangi ile inakauka ikiwa na uso mgumu na haipendi kuchanganywa taratibu kama rangi za mafuta za wachoraji, kwa hiyo mnyama anakuwa na mpaka ulio wazi, rangi inakaa bapa, na madoa yanapigwa moja moja baada ya tabaka la chini kukauka. Mtindo ambao leo unajulikana duniani kwa jina lake umetoka, kwa kiasi kikubwa, ndani ya kopo la rangi. Alifariki mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kuanza, na mtindo ukaendelea kwa wanafunzi wake kwa sababu uliweza kushikwa kwa mkono na kufundishwa kwa mkono.

Wachonga vinyago wa Kimakonde nao wanajua zaidi kuliko vitabu. Gogo la mpingo lina ganda jeupe nje na moyo mweusi ndani, lina mafundo na mipindo, na mchongaji huanza kwa kuligeuzageuza. Kuhusu Samaki Likankoa, ambaye anatajwa kuwa mwanzilishi wa vinyago vya mashetani katika miaka ya 1950, inasimuliwa kwamba umbo la kwanza lilitokana na kinyago kilichovunjika mkono, naye badala ya kukitupa akaendelea nacho kikawa kiumbe cha aina nyingine. Iwe simulizi hiyo imeongezwa chumvi au la, wachongaji wanaisimulia kwa sababu inaeleza jinsi wanavyofanya kazi.

Ninakaribisha maoni, hasa ya wanaonipinga.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, nimeusoma uzi wako wote na nimefurahi kuona kijana anayefikiri kwa mikono. Hata hivyo, naona kamba umeivuta kupita kiasi.

Sisi tuliosoma katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967 tuliulizwa sanaa yetu inamtumikia nani, na swali hilo halikuwa baya. Lilitutoa katika kuchora maua ya vyombo vya mezani. Tena yuko Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyesoma Makerere na kisha shule ya sanaa ya Slade ya London, ambaye mchoro wake ulinunuliwa na jumba la Museum of Modern Art la New York mwaka 1960. Maisha yake yote alichora Uchagani: migomba, watu wakilima kwa pamoja, watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi. Aliendelea kuyachora hayo hata alipokuwa akiishi mbali na Kilimanjaro. Huyo hakuongozwa na tabia ya rangi. Alijua anachotaka kukisema kabla hajaigusa brashi.

Na mwanafunzi anayekuja darasani akiwa amefiwa, au ameona nyumba ya wazazi wake ikibomolewa, nitamwambia asubiri kwanza mpaka aufahamu mkaa?

Mleta uzi

Shikamoo Mwalimu, na ninashukuru kwa kunisoma kwa makini.

Huyo aliyefiwa sitamwambia asubiri. Mtu mwenye jambo linalomchoma tayari ameshika kitu, na kitu hicho kina ugumu wake kama mkaa ulivyo na ugumu wake. Ninachokiogopa ni ile sentensi ya hitimisho inayoandikwa kabla ya kazi, mfano "tuwajali yatima", kwa kuwa sentensi hiyo inamwambia mchoraji kwamba ameshafika. Akichora koti la baba yake lililobaki limetundikwa nyuma ya mlango, akalichora mpaka ajue jinsi mabega ya koti yanavyokaa pasipo mtu ndani, atakuwa amefanya kazi ambayo hakuna kauli mbiu inayoweza kuifanya.

Kuhusu Ntiro, ninamwona kuwa upande wangu, ingawa ninajua utacheka. Michoro yake haihitimishi chochote. Watu ni wengi na wadogo, wamepangwa kati ya migomba na vilima, kila mmoja ana kazi, na hakuna anayenyooshewa kidole. Alikuwa na kumbukumbu ya mahali alipolelewa, na kumbukumbu haimtii mtu. Inakupa inachotaka na kukunyima kingine, na wewe unachora kwa kile ulichopewa.

Lakini swali la nani anatumikiwa nimelipokea, na nimekuwa nikilifikiria tangu jana. Nadhani linapaswa kuulizwa kazi ikiwa imefika katikati, wakati bado inaweza kubadilika, na wakati tayari kuna kitu cha kukiuliza.

Mkazi wa Kisarawe

Mleta uzi, mimi si msanii. Nimezaliwa huku Kisarawe na ndugu zangu wamechoma mkaa, kwa hiyo nichangie upande huo.

Kopo lako ni tanuri kweli, lakini umeacha sehemu kubwa ya kazi. Kuchoma mkaa ni ulinzi. Magogo yanapangwa, yanafunikwa kwa majani mabichi kisha udongo, yanawashwa upande mmoja, na kuanzia hapo mtu halali sawasawa kwa siku kadhaa, na kwa tanuri kubwa ni wiki au zaidi. Udongo unapasuka kadiri magogo yanavyopungua ndani. Kila ufa ni mlango wa hewa, na kila ufa usiozibwa mapema ni magunia yaliyopotea. Mtu anapanda juu ya tanuri usiku na jembe kuziba ufa, na udongo ukiwa umekaa juu ya shimo anatumbukia kwenye moto. Watu wameungua hivyo.

Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imeharibiwa na mkaa, hilo silikatai, nimeiona ikipungua. Ninachokuomba ni kwamba usimchore mchomaji kama mwizi wala kama maskini wa kuonewa huruma. Anajua kusoma moshi kuliko wewe na mimi. Na mjini mnapouzungumzia mkaa, mara nyingi unaanzia gengeni, kana kwamba gunia limeota pale.

Mleta uzi

Kaka, mchango wako umenigusa kuliko wote. Huo ufa wa udongo ndio kitu ambacho kopo lisingeweza kunifundisha, kwa kuwa bati halipasuki.

Nimezungumza na msimamizi wangu na tumekubaliana nibadilishe sehemu ya mpango. Nilikuwa nimeandaa michoro ya baiskeli zilizobeba magunia zikiingia mjini alfajiri, na kwa haki kabisa michoro hiyo ni mizuri kwa macho lakini inaanzia barabarani, kama ulivyosema. Badala yake nitafanya uso wa tanuri: udongo, nyufa, na mahali palipozibwa upya, vikichorwa kwa mkaa pamoja na udongo mwekundu uliochujwa na kuchanganywa na gundi. Udongo ulikuwa rangi zamani kabla ya duka lolote la rangi kufunguliwa. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ilichorwa kwa rangi za asili, na wekundu wake unaonekana mpaka leo.

Mchomaji mwenyewe sitamchora uso. Uvunaji bila kibali ni kosa, na sura inayotambulika ukutani inaweza kumletea mtu matatizo ambayo mimi sitakuwepo kuyabeba. Kazi ya mikono yake ya kuziba nyufa itaonekana, na ninaamini inatosha kumheshimu.

Binti wa Kigamboni

Mimi ninachora pia, nina maswali mawili. Kwanza, unauzuiaje mkaa usipukutike kwa unyevu wetu huu wa pwani? Pili, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Huoni kwamba kazi yako itaonekana kama kampeni ya mkakati huo, utake usitake? Utaandika nini kwenye kibao pembeni ya mchoro?

Mleta uzi

Dada, kwa unyevu nimejaribu spirei ya nywele kama wanafunzi wengi wanavyofanya. Inashika, lakini ina tabia ya kuigeuza karatasi kuwa ya njano kadiri muda unavyokwenda, na inauua ule weusi laini wa kifuu, unakuwa na mng'ao usiopendeza. Nimeiacha. Ninapiga unga kwa kitambaa kwa nguvu mpaka uingie ndani ya nyuzi za karatasi, ninakung'uta kinachozidi, kisha mchoro unakaa nyuma ya kioo chenye nafasi ya kutosha ili kisiuguse. Karatasi ya saruji haitadumu kama karatasi ya pamba, nimelikubali hilo. Hifadhi michoro yako mbali na ukuta wa nje wakati wa masika, maana kuvu huanzia hapo.

Swali lako la pili ni gumu zaidi. Ninautakia mkakati huo mafanikio, kwa sababu nimekulia katika nyumba ya kupikia kwa mkaa na ninajua kifua cha mpishi kinavyokuwa. Lakini ikiwa gesi na umeme vitachukua nafasi ya mkaa kama inavyokusudiwa, basi ujuzi mzima utaondoka pamoja nao: kusoma moshi, kuujua mkaa kwa mlio wake, kupanga jiko ili maharage yaive kwa moto mdogo. Michoro hii inaweza kuyashika yote mawili, afya ya mpishi na ujuzi wa mchomaji. Bango haliwezi, kwa kuwa limeumbwa kuchagua upande mmoja.

Kwenye kibao nimeamua kuandika vitu vilivyotumika na mahali vilikotoka, basi: mkaa wa mlonge na wa vifuu, udongo wa Kisarawe, karatasi ya mfuko wa saruji, mwaka. Msimamizi ameniambia kwamba watathmini wataniuliza ujumbe hata hivyo, na kanuni za chuo zinataka maelezo ya kurasa kadhaa yaambatane na kazi. Nitayaandika, na nimepanga yaanze na maelezo ya tanuri, kutokana na mchango wa ndugu wa Kisarawe, kabla ya neno lolote kuhusu dhamira. Mwalimu, kama utapata nafasi ya kuipitia rasimu ikiwa tayari, nitashukuru sana, hasa ile sehemu ya Ntiro ambayo najua bado hujaniachia.